Ndama wa Nyama Hulishwa Mwaka Mmoja Kabla Hajazaliwa

Ukipita Kongwa au Mpwapwa, mkoani Dodoma nchini Tanzania, mwezi wa kumi utakutana na ndama wa miezi minane au tisa ambao mbavu zao zinahesabika, manyoya yamesimama, na matumbo yamevimba kama mapipa. Asiyefahamu atasema wameshiba. Matumbo yale yamejaa nyasi kavu zilizokwama. Protini ya nyasi za asili ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vinavyovunja majani ndani ya tumbo kubwa hukosa naitrojeni ya kujijenga. Kazi yao inazorota, chakula kinakaa tumboni siku nyingi, na ndama hana tena nafasi ya kula. Anakonda huku tumbo limejaa.

Mfugaji wa kawaida ana njia ya mkato hapa, nayo ni urea. Anaichanganya na molasi, anainyunyiza kwenye mabua, au ananunua jiwe la kulamba lenye urea ndani yake. Anayelisha kwa misingi ya kilimo hai amefungiwa mlango huo, kwa kuwa urea na naitrojeni nyingine za kiwandani haziruhusiwi katika chakula cha mifugo ya kilimo hai. Kila gramu ya protini atakayompa ndama lazima iwe imeota ardhini. Na kwa kuwa Kanda ya Kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, protini ya Oktoba hupandwa Desemba au Januari, na lukina, mti ambao majani yake ni malisho, uwe umetangulia kwa msimu mzima. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote yatakayofuata, maana ndilo linaloangusha watu wengi: wanaanza kutafuta chakula hai siku ndama anapoanza kukonda, na siku hiyo hakipo sokoni wala shambani.

Kienyeji na hai ni vitu viwili

Wapo wanaoamini kwamba ng'ombe wa kienyeji anayechunga porini tayari ni wa kilimo hai. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, kwani nyika zetu nyingi hazijawahi kuona mbolea ya dukani. Nusu nyingine huvunjika baada ya mavuno, mifugo inapoingizwa mashambani kula mabua. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini, mwaka 2017, mashamba mengi ya mahindi hupigwa dawa mara mbili au tatu kwa msimu. Mabua ya shamba hilo si malisho hai, hata kama aliyeyala ni ng'ombe wa aina ya Mpwapwa halisi.

Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha bidhaa za kilimo hai, EAS 456, chenye alama ya Kilimohai. Anayetaka kuuza kwa alama hiyo azungumze na wakaguzi kabla ya kununua hata debe moja la pumba, maana wao ndio watakaomwambia shamba lake linahitaji muda gani wa mpito na ni kiasi gani cha chakula cha nje kinachoweza kuvumiliwa mwaka wa ukame. Kwa upande wa chakula, misingi haibadiliki sana popote kilimo hai kinapofanyika: hakuna urea, hakuna vichocheo vya kukuza, hakuna mazao ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, hakuna mabaki ya machinjio kwa mnyama anayecheua, hakuna samadi ya kuku kama chakula, na hakuna mashudu, yaani mabaki ya mbegu za mafuta, yaliyokamuliwa kwa kemikali ya kuyeyushia mafuta.

Hilo la mwisho lina habari njema kwetu. Mashine ndogo za kukamua alizeti zilizotapakaa Singida, Dodoma na Manyara zinakamua kwa kubana tu, bila kemikali. Viwanda vikubwa ndivyo vya kuulizwa. Tatizo la mashine ndogo ni jingine: kilichobaki ndani yake ni alizeti ya mteja aliyetangulia. Mpatane na mwenye mashine uwe wa kwanza asubuhi, baada ya kusafishwa, na kilo za mwanzo za mashudu uziweke kando, zisiingie kwenye mchanganyiko wa ndama. Pia uliza mapema mashudu yatakuwa ya nani. Kuna mashine ambazo mwenyewe hubaki na mashudu kama sehemu ya malipo ya kukamua, na mkulima asiyeuliza hurudi nyumbani na madumu ya mafuta bila kile alichokifuata.

Mashudu ya pamba yana protini nyingi kuliko ya alizeti, lakini pamba ya kawaida ni zao linalopigwa dawa sana. Pamba hai ipo. Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu inailima tangu miaka ya 1990. Hata hivyo mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli, ambayo tumbo kubwa lililokomaa huweza kuidhibiti na tumbo la ndama mdogo haliwezi. Chini ya miezi minne asipewe kabisa.

Tarehe ya kuzaliwa ni sehemu ya chakula

Ng'ombe hubeba mimba takriban siku 285. Fahali akiingizwa kundini katikati ya Machi na kutolewa mwisho wa Aprili, ndama watazaliwa kati ya siku za mwisho za Desemba na wiki ya pili ya Februari. Hapo majani ni mabichi, mama ana maziwa, na ndama anapata miezi minne mizuri kabla nchi haijakauka. Aliyezaliwa Julai ananyonya kwa mama anayekula makapi, na hakuna mchanganyiko wa kwenye hori utakaomrudishia kilichopotea. Najua kwenye kundi la kijiji fahali wa jirani hana kalenda. Kinachowezekana ni kumtenga fahali wako, kumfunga aproni ya ngozi au turubai tumboni akiwa machungani, na kuafikiana na majirani wawili watatu mnaochunga pamoja.

Miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo ndama anayoongezeka uzito kwa kasi zaidi tumboni, nayo kwa ratiba hii inaangukia Oktoba, Novemba na Desemba, wakati mbaya kuliko yote wa mwaka. Kwa hiyo mama naye awe na akiba yake: kilo 1 ya mashudu ya alizeti kwa siku katika wiki nane za mwisho, pamoja na nyasi kavu za kutosha, hubadilisha waziwazi ubora wa dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Dang'a haina mbadala. Ndama wa kilo 22 anahitaji takriban lita 2.2 ndani ya saa 12 za kwanza, na nusu ya kiasi hicho apate katika saa nne hadi sita za mwanzo, kwa kuwa ukuta wa utumbo unaopitisha kinga hujifunga haraka na baada ya siku moja umefungwa. Kagua chuchu zote nne zinatoa. Chovya kitovu kwenye tinkcha ya iodini. Ndama ambaye hajasimama kunyonya baada ya saa mbili asaidiwe, na asiyeweza kabisa akamuliwe na kunyweshwa kwa chupa.

Baada ya hapo linakuja suala la maziwa, na hapa pana ugomvi kati ya jiko na zizi. Ndama anahitaji kati ya lita 8 na 10 za maziwa ili kuongeza kilo 1 ya uzito. Maana yake kila lita 1 inayokamuliwa kwa ajili ya chai ya nyumbani inaondoa takriban gramu 100 za uzito wa ndama siku hiyo. Zebu anayetoa lita 4 akikamuliwa lita 2, ndama amebaki na nusu ya ukuaji. Simlaumu mama mwenye watoto wanaohitaji maziwa. Nasema hesabu ifanywe wazi. Utaratibu unaovumilika ni kutokamua kabisa wiki sita za kwanza, kisha kukamua asubuhi tu, chuchu mbili, na mbili zibaki za ndama. Maziwa ya unga ya kulishia ndama yasahaulike. Ndama wa kilimo hai hunyonya maziwa halisi.

Mlango ambao mama hapiti

Ndama mchanga ana tumbo kubwa dogo lisilofanya kazi. Maziwa hulipita pembeni na kwenda moja kwa moja tumbo la nne. Linalolikuza ni chakula kigumu, na hasa wanga wa nafaka, kwa kuwa asidi zinazotokana na kuchachuka kwake ndizo zinazostawisha vijinyama vya ukuta wa tumbo, vile vinavyofanana na vinyuzi vya taulo. Anza wiki ya tatu. Weka kiganja kimoja tu cha mchanganyiko, na mpake ndama kidogo mdomoni baada ya kunyonya ili alambe na kujua ladha.

Ili mama wasimalize, jenga kizizi kidogo ndani au pembeni ya zizi, chenye mlango wa upana wa sentimita 40 na mti uliolazwa juu kwenye kimo cha sentimita 90. Ndama atapita, mama atakwama mabegani. Kipime tena kila mwezi. Ndama wa aina ya Boran akifika miezi mitano huanza kubanwa, ndipo unapanua hadi sentimita 45. Hori liwe na nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kwa kila ndama, na mdomo wake uwe kama sentimita 40 kutoka ardhini ili wasilikanyage na kulinyea. Kinyesi ndani ya hori ndicho chanzo cha kuhara damu kwa ndama wa miezi miwili mitatu, na ugonjwa huo ukianza katika kizizi kimoja unawapata wote.

Maji yawepo humo humo. Hili watu hulidharau wakidhani maziwa yanatosha. Maziwa hayaingii tumbo kubwa, kwa hiyo nafaka bila maji inakaa humo kama unga ndani ya ndoo kavu. Ndama anayepata maji safi hula mchanganyiko mapema na kwa wingi kuliko asiyepata.

Mchanganyiko wenyewe, kwa kilo 100: pumba za mahindi 40, mahindi au mtama ulioparazwa 20, mashudu ya alizeti 28, majani makavu ya lukina 9, chokaa ya mifugo 2, na chumvi 1. Kwa pumba zenye protini ya asilimia 10, mahindi 9, mashudu 25 na lukina 22, jumla inafika karibu asilimia 15, kiasi kinachomtosha ndama anayenyonya na aliyetoka kuachishwa. Nafaka iparazwe tu, isisagwe unga laini. Unga huingia puani, humfanya ndama akohoe, na huchachuka tumboni kwa kasi mno.

Kilo 2 za chokaa si za mapambo. Pumba na mashudu vimejaa fosforasi na vina kalsiamu kidogo sana. Ndama dume, hasa aliyehasiwa, akila mchanganyiko huo miezi kadhaa bila kuongezewa kalsiamu hupata mawe ya mkojo: anasimama amepinda mgongo, anajikamua, mkojo unatoka matone au hautoki, na akichelewa kutibiwa kibofu hupasuka. Chokaa inayotakiwa ni ile ya mawe yaliyosagwa, inayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Chokaa ya kupaka ukutani huunguza midomo na tumbo. Unga wa mifupa, ambao umezoeleka katika fomula nyingi za mtaani, ni zao la machinjio, na hapa haumo.

Ndama wa mwezi mmoja atakula gramu 50 hadi 100 kwa siku. Wa miezi mitatu, gramu 300. Wa miezi mitano hadi sita, gramu 700 na kuendelea. Ongeza polepole, si zaidi ya gramu 50 kila siku ya tatu. Ndama aliyevunja mlango wa stoo na kula debe la pumba hupata tumbo la asidi: anatetemeka, anahara maji ya kijivu yenye harufu ya uchachu, anakataa kusimama. Wengi wa namna hii hufa kabla ya jioni ya pili.

Adui anayekaa kwenye gunia

Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi hayohayo ndiyo yanayotoa pumba, na mahindi yanayokataliwa jikoni kwa kuwa yameoza ndiyo yanayopelekwa zizini. Kwenye kilimo hai tabia hiyo ni hatari maradufu, kwa kuwa hatuna dawa za kuzuia kuvu wala vihifadhi vya kuchanganya. Ndama huathirika kuliko ng'ombe mkubwa: ini linaharibika, ukuaji unasimama, kinga inashuka, na mfugaji anahangaika na minyoo ambayo haipo.

Kipimo cha unyevu cha bei ya chini kipo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka nafaka hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Ikianguka chini ikiwa kavu, yanafaa kuhifadhiwa.

Mashudu ya mashine ndogo hubaki na mafuta mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 10, na mafuta hayo huchacha. Yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, yakiwa yamepoa kabisa; yakifungwa gunia yangali na joto la mashine yanatoa jasho na kuota ukungu katikati, mahali mkono haufiki. Usihifadhi zaidi ya wiki sita. Kwa sababu hiyohiyo ni bora kuhifadhi alizeti ikiwa mbegu na kukamua kidogo kidogo, mara nne au tano kwa kiangazi. Pumba za kununua zitie kiasi kwenye glasi ya maji na ukoroge: mchanga utazama upesi na kuonekana chini, na maganda matupu yataelea juu kama makapi.

Ngwara, lukina na maganda ya migunga

Kama ningeruhusiwa zao moja tu la malisho Kanda ya Kati, ningechagua ngwara, mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake inashuka chini sana, inaendelea kuwa kijani wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, na majani yake yana protini ya asilimia 17 hadi 20 yakikatwa wakati maua ya kwanza yanafunguka. Mbegu kilo 8 hadi 10 zinatosha ekari moja ya malisho. Unaweza kuipanda katikati ya mistari ya mtama wiki tatu au nne baada ya mtama kuota. Ukiipanda siku moja na mtama, inaupanda mtama na kuulaza.

Kosa kubwa la ngwara liko kwenye kukausha. Jani hukauka mapema kuliko shina, na likigeuzwa saa saba mchana hupukutika lote, ukabaki na kuni. Kata asubuhi umande ukishakauka, acha chini siku moja, kisha hamishia kwenye kivuli chenye hewa au juu ya vichanja, na kugeuza kwote kufanyike alfajiri wakati jani limelainika kwa umande. Majani ya karanga yaliyobaki baada ya kuvuna ni ya daraja linalofuata. Kongwa ndiko Waingereza walikoleta mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuufunga mwaka 1951, baada ya ukame na udongo unaoganda kama saruji kuwashinda, na ardhi hiyo baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Karanga za mkulima mdogo bado zinastawi kuzunguka hapo, na majani yake mengi huchomwa moto au kuachwa yaoze. Yakusanye, ila yaliyoota ukungu yaache.

Lukina, ambayo wengine huiita lusina, ndiyo akiba ya kudumu. Mbegu yake ina ganda gumu: itumbukize kwa dakika tatu kwenye maji yaliyochemka na kupoa kidogo, kisha loweka kwenye maji ya baridi usiku kucha. Mche wa mwaka wa kwanza usikatwe mpaka ufike kimo cha mtu, na ukatwe mita 1 kutoka ardhini ili uchipue. Ina sumu inayoitwa mimosini. Ndama akiizidisha hunyonyoka manyoya ya mkia na kuvimba koo. Asilimia 9 kwenye mchanganyiko ni salama, na kukausha majani hupunguza sumu hiyo.

Kisha kuna kile ambacho hakipandwi. Maganda ya migunga huanguka katikati ya kiangazi, wakati hasa protini inapohitajika, na watoto wakilipwa kidogo kwa debe wataokota gunia kwa asubuhi moja. Yatwangwe kabla ya kulishwa. Mbegu ya mgunga ni ngumu kiasi kwamba ikimezwa nzima hutoka nzima kwenye kinyesi, na protini nyingi ya ganda imo ndani ya mbegu hiyo.

Wamaasai huacha olopololi, malisho ya karibu na boma yanayotengwa kwa ndama na wanyama dhaifu. Wasukuma wana ngitili, ambazo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulizifufua kuanzia mwaka 1986. Anayetaka kulisha ndama kwa kilimo hai hana haja ya kubuni kitu kipya hapo: funga ekari kadhaa kuanzia Januari, zisiguswe na ng'ombe wakubwa, na ndama waziingie wa kwanza. Kuwatanguliza ndama kunawapa majani bora na kunawaepusha na minyoo iliyoachwa na kinyesi cha wakubwa.

Hesabu ya ndama kumi

Kiangazi cha kupanga ni siku 180, hata kama miaka mingi mvua huja mapema kuliko hapo. Ndama aliyeachishwa mwenye kilo 120 hula chakula kikavu cha takriban asilimia 2.7 ya uzito wake, yaani kilo 3.2 kwa siku. Gawanya hivi: kilo 1.5 za hei, yaani majani yaliyokaushwa na kuhifadhiwa, gramu 800 za mchanganyiko, na kilichobaki akitafute machungani.

Hei kwa ndama kumi ni kilo 2,700. Sanduku la mbao lisilo na kitako, la urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, likishindiliwa kwa miguu vizuri hutoa robota la takriban kilo 20, kwa hiyo ni marobota 135. Ongeza 20 ya kuliwa na mchwa na ya kumwagika. Theluthi moja iwe ya ngwara. Ukikadiria kilo 800 kwa ekari katika mwaka wa mvua za wastani, ekari moja na nusu inatosha na kubakiza kidogo. Theluthi mbili ni nyasi, zikatwe zinapoanza kutoa masuke. Ukisubiri mbegu ikomae ndipo ukate, unafunga marobota ya mabua. Nyasi iko tayari kufungwa ukiisokota mkononi na ikavunjika kwa mlio bila kutoa unyevu.

Mchanganyiko ni kilo 1,440 za kiangazi na kama 360 za miezi minne ya kunyonya kabla ya kiangazi, jumla 1,800. Humo mna pumba kilo 720, nafaka 360, mashudu 504, majani makavu ya lukina 162, chokaa 36 na chumvi 18. Mashudu hayo yanatokana na alizeti kama kilo 800, zao la ekari mbili hivi, na mafuta unabaki nayo ya kuuza. Pumba ndizo zinazosumbua, maana familia haikoboi mahindi ya kutosha kuzipata. Hapo pumba za uwele au za mtama huziba pengo, au unanunua kwa mkulima ambaye shamba lake linajulikana, na risiti yake inaingia kwenye faili la mkaguzi.

Kuachisha

Umri wa miezi saba ni mzuri, lakini kalenda pekee haitoshi. Ndama aachishwe pale anapokula angalau gramu 750 za mchanganyiko kila siku, kwa siku tatu mfululizo. Mtenge na mama kwa uzio tu, waonane na kunusana bila kunyonya, kwa siku tano hadi saba. Kelele zitakuwepo usiku mbili tatu. Ndama anayepelekwa mbali ghafla hutembea huku na huko pembeni mwa uzio badala ya kula, na hupoteza kilo kadhaa katika wiki moja. Kuhasi, kupiga chapa na kuchanja visifanywe wiki hiyo.

Ndama akiugua, atibiwe. Hakuna kiwango cha kilimo hai kinachoruhusu mnyama aachwe ateseke ili kulinda cheti. Andika dawa, dozi, tarehe na namba ya sikio. Muda wa kusubiri kabla ya kuuza nyama utakuwa mrefu kuliko ulioandikwa kwenye chupa, na wakati mwingine ndama huyo atauzwa kama wa kawaida. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inahitaji mazungumzo ya mapema, kwa kuwa hutolewa sambamba na sindano ya oksitetrasaiklini. Mweleze mkaguzi kabla ya siku ya chanjo. Penye kupe wengi wa masikio, kuiacha ni kukubali kuzika ndama.

Pima mzingo wa kifua kwa utepe kila siku ya kumi na nne, asubuhi kabla ya maji, ndama yuleyule na mkono uleule. Lengo kwa chotara wa Boran ni gramu 400 hadi 500 kwa siku. Aliyezaliwa na kilo 25 awe karibu na kilo 120 akifika miezi saba. Vipimo viwili mfululizo visipopanda, anza kwa kinyesi kabla ya kuongeza pumba. Kinyesi kilichosimama kigumu, kikavu, chenye nyuzi ndefu za majani zinazoonekana, ni upungufu wa protini: ongeza gramu 200 za mashudu au konzi tatu za majani ya ngwara kwa kila ndama, na ndani ya siku nne hadi tano kitalainika. Kinyesi cha maji chenye mapovu na punje nzima ni nafaka iliyozidi. Na kinyesi kizuri kwa ndama asiyeongezeka ni cha kupelekwa maabara kutafutwa mayai ya minyoo, kwa kuwa hapo chakula kipo na kuna mwingine anayekila.